Vinywa Vingi, Shahidi Mmoja

Ukiandika jina la Chundwa kwenye Google utaletewa kurasa nyingi kuliko unavyotarajia kwa kijiji cha kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Pate. Kuna kurasa za hali ya hewa, za ramani, za kupima umbali, za kutaja latitudo na longitudo. Nyingine huandika Tchundwa, na T mbele. Ukizisoma kwa utulivu utaona kwamba nyingi hazina dalili ya mwandishi aliyewahi kushuka chomboni Faza au Mtangawanda. Ni kazi ya mashine iliyochota majina na namba kutoka orodha za majina ya mahali, kama ile ya GeoNames ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua, kisha ikatengeneza ukurasa kwa kila jina. Vinywa ni vingi, shahidi ni mmoja.

Wako watu ambao riziki yao inategemea kulitambua jambo hilo. Kazi yao ni kupima viungo. Mwenye tovuti anataka tovuti nyingine zimtaje na kuweka kiungo cha kumfikia, na kuna watu wanaomuuzia viungo hivyo kwa dola. Mpimaji ndiye anayekaa katikati, kabla pesa haijatoka, akaamua kama kinachouzwa kina thamani. Naipenda kazi hii, na naona haijapata heshima yake. Wengi huiweka katika fungu moja na ujanja wa kuipandisha tovuti kwa hila, lakini anayeifanya kwa uaminifu yuko karibu zaidi na msomi wa hati za kale kuliko mchuuzi.

Thamani ya kiungo ina historia yake. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza namna ya kuupa kila ukurasa wa wavuti uzito kwa kuangalia nani anauelekea. Wazo lenyewe lilikuwa na mzazi: Eugene Garfield alikuwa ameanza kuchapa faharasa ya marejeo ya kisayansi mwaka 1964, ili ijulikane makala gani yametajwa na makala gani. Page na Brin waliongeza jambo lililobadili kila kitu. Kutajwa na mzito kuna uzito kuliko kutajwa na mwepesi, na ukurasa unagawa uzito wake kwa wote unaowataja. Ukurasa wenye viungo vitano humpa kila mmoja sehemu ya tano. Wenye viungo mia tano humpa kila mmoja chembe. Hesabu yao ilimfikiria msomaji anayezurura mtandaoni akibofya kiungo baada ya kiungo, na kila mara kuna uwezekano wa asilimia 85 kwamba ataendelea kubofya, na asilimia 15 kwamba atachoka na kuruka kwenda kwingine kabisa.

Biashara ilianza pale uzito huo ulipoonekana kwa macho. Google ilitoa programu ndogo ya kukaa juu ya kivinjari iliyoonyesha alama ya kila ukurasa, kuanzia 0 hadi 10, na wauzaji wakapanga bei kwa kufuata alama hiyo. Ilipofika 2016 alama ikafichwa isionekane tena na watu wa nje, lakini soko lilikwisha kuzoea namba. Kampuni binafsi zikawa zinatoa za kwao: Moz, Ahrefs, Majestic, kila moja na kipimo chake cha 0 hadi 100. Google imesema mara nyingi kwamba haitumii namba hizo. Hata hivyo barua za wauzaji zinaanza nazo, na mnunuzi asiyejua huishia hapo hapo.

Tuseme vijana wa Chundwa wamefungua tovuti ya kuwahudumia wageni wanaokuja kuona magofu ya Shanga na ngome ya Siyu: boti ya kutoka Lamu, pikipiki kisiwani, mahali pa kulala, mtu wa kuwaongoza. Tovuti ikishajulikana kidogo tu, barua zitaanza kuingia. Tuna tovuti ya alama 70, kiungo cha kudumu, makala tutawaandikia sisi, lipeni leo mpate punguzo. Hapo ndipo ningependa mpimaji awe jirani yao.

Mpimaji mzuri haanzi na alama. Anaomba anwani ya ukurasa, anaufungua, anausoma kama msomaji. Nani ameandika? Anamwandikia nani? Je, kuna mtu anayeweza kuusoma ukurasa huu akiwa hana haja ya kuuza wala kununua kiungo? Swali hilo la mwisho peke yake huondoa nusu ya bidhaa mezani. Utakuta makala ya maneno mia sita kuhusu faida za kusafiri, hayana mji wala nauli, hayana jina la chombo, na katikati ya aya ya tatu neno moja limepigwa rangi ya buluu linaelekea duka la magodoro. Juu yake kuna makala ya mikopo ya haraka, chini yake kuna ya kubeti. Tovuti yenye wasomaji haikai hivyo. Mwandishi wa mapishi huandika mapishi, na siku akitaja kitu kingine unaona sababu.

Kisha anatazama jirani. Tovuti inayouza kiungo kwa vijana wa Chundwa leo itamuuzia mwenye kamari kesho, na ya Chundwa itakaa ukurasa mmoja na hiyo. Kwa hiyo mpimaji huzifungua kurasa za karibuni moja baada ya nyingine na kuangalia viungo vinavyotoka vinaelekea wapi. Inachosha. Ni kazi ya macho na subira, na hakuna programu inayoifanya vizuri kama mtu aliyezoea, kwa sababu mtu hutambua pale sentensi ilipopindishwa ili ibebe kiungo.

Halafu anageukia siku zilizopita, na hapa ndipo ninapomwona fundi hasa. Shirika la Internet Archive la San Francisco limekuwa likihifadhi nakala za kurasa za wavuti tangu 1996, na tangu 2001 yeyote anaweza kuzitazama. Mpimaji anaingiza anwani ya tovuti inayouzwa na kusogea nyuma mwaka kwa mwaka. Miaka ya mwanzo anakuta, kwa mfano, tovuti ya shule ya msingi mahali fulani: ratiba ya chakula, picha za michezo, tangazo la kikao cha wazazi. Baadaye ukurasa unakuwa mtupu. Mwaka unaofuata jina ni lile lile, lakini ndani kuna makala ya bima na kasino. Shule iliacha kulipia jina, mtu akalinunua ili arithi viungo ambavyo wazazi, wilaya na magazeti ya pale waliviweka kuelekea shule ya watoto wao. Alama ya 70 imetoka huko. Machi 2024 Google iliuandika mchezo huu wazi katika kanuni zake kuwa ni matumizi mabaya ya majina yaliyoisha muda. Mpimaji aliyekuwa akisogea nyuma mwaka kwa mwaka alikuwa ameuona muda mrefu kabla.

Anwani yenyewe nayo husema. Hapa Kenya, chini ya usimamizi wa KENIC, majina yanayoishia na .ac.ke ni ya vyuo na yale ya .go.ke ni ya serikali. Mtu akikuletea kiungo cha namna hiyo kwa bei, mpimaji huuliza kimepatikanaje, maana chuo hakina duka la viungo. Mara nyingine jibu ni kwamba tovuti imedukuliwa na kiungo kimepenyezwa ndani bila mwenyewe kujua. Hiyo ni mali ya wizi, na hapo upimaji unasimama.

Kuna pia kuangalia msimbo wa ukurasa. Anabofya kitufe cha kulia cha kipanya, anachagua kuona chanzo, anatafuta jina la tovuti katika msitu wa alama. Anachotaka ni neno moja dogo lililobandikwa pembeni mwa kiungo. Likiwa ni nofollow, alama iliyoanza Januari 2005, au sponsored, iliyoongezwa Septemba 2019, maana yake mwenye ukurasa ameiambia injini ya kutafuta kwamba hakidhamini kiungo hiki, au kwamba kimelipiwa. Papo hapo anaona kiungo kimekaa wapi. Kilichomo ndani ya habari, mahali ambapo msomaji atakuwa na hamu ya kujua zaidi, kina maana kuliko kilichobanwa chini kabisa ya ukurasa pamoja na vingine arobaini. Google ilipewa hataza mwaka 2010 ya njia ya kukadiria uwezekano wa msomaji kukibofya kiungo kulingana na mahali na sura yake. 

Namba za wageni anaziangalia pia, lakini hapiti haraka. Tovuti yenye alama kubwa isiyo na wasomaji ni debe tupu. Yenye wasomaji wengi ambao ghafla walitoweka mwezi mmoja ina kisa, na mpimaji hukitafuta. Yenye wasomaji wa nchi ambayo hakuna anayeweza kuja Lamu haina faida kwa mwenye boti, hata ingekuwa safi kiasi gani.

Jambo gumu kuliko yote ni lile nililoanza nalo. Muuzaji anakuja na tovuti arobaini, zenye majina tofauti, rangi tofauti, waandishi tofauti. Mnunuzi anaona mashahidi arobaini. Mpimaji anatafuta uzi. Anaangalia zinakaa seva gani na majina yalisajiliwa lini, maana mara nyingine thelathini kati yake yalisajiliwa wiki moja. Anatafuta namba ya akaunti ya matangazo iliyojificha ndani ya msimbo, na anaikuta ile ile kwenye tovuti ya mapishi, ya bustani na ya mpira. Anaisoma lugha: makosa yale yale ya herufi, namna ile ile ya kufunga aya. Tovuti hizo zinatajana zenyewe kwa zenyewe na hakuna mgeni anayezitaja. Mwisho wa kazi, arobaini zimekuwa mtu mmoja ameketi mbele ya kompyuta moja.

Kisiwa cha Pate kina mfano wake wa jambo hili, wa zamani za kabla ya intaneti, na sijaona mfano mzuri zaidi popote. Historia ya masultani wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate husemwa iliandikwa katika kitabu kilichopotea Waingereza walipoushambulia mji wa Witu mwaka 1890. Baada ya hapo matoleo yakaanza kutokea. C. H. Stigand alichapa masimulizi kwa Kiingereza mwaka 1913, katika kitabu chake The Land of Zinj. Alice Werner akachapa matini ya Kiswahili na tafsiri yake kati ya 1914 na 1915. M. Heepe akatoa toleo lake Ujerumani mwaka 1928. Nakala nyingine zikabaki kwenye hati za mkono. Mtu anayehesabu vinywa atasema: wachapishaji watatu, lugha zaidi ya moja, nchi mbili, na wote wanawaleta Wanabahani Pate mwanzoni mwa karne ya 13, kwa hiyo limethibitika.

Wasomi hawakufanya hivyo. Waliyaweka matoleo kando kwa kando, wakauliza kila moja lilitoka kwa nani. Marina Tolmacheva aliyakusanya katika kitabu kimoja mwaka 1993, na ukiyafuatilia utaona mengi yanarudi kwa mtu mmoja: Muhammad bin Fumo Omar al-Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini, ambaye naye alipokea kutoka kwa babu yake, Bwana Simba. Matoleo yalikuwa mengi, chemchemi ilikuwa moja. Ushahidi wa kweli wa pili ulibidi utoke mahali pengine kabisa, na ulitoka ardhini. Neville Chittick alichimba Pate, na mwaka 1969 akaandika kwamba alichokiona hakiungi mkono habari za mji mkubwa katika zama zile za mwanzo. Wachimbaji waliomfuata, Thomas Wilson na Athman Lali Omar, wakakuta makazi ya kale zaidi kuliko yale aliyoyaona yeye. Mjadala ulisonga mbele kwa sababu watu walikuwa wanapima mashahidi wasiofahamiana.

Na hakuna aliyemtupa Bwana Kitini. Hili naliona kuwa kipeo cha ufundi. Shahidi mmoja ana thamani kubwa, hasa akiwa mtu wa ukoo aliyepokea kwa mzee wake. Ila ahesabiwe mmoja. Mpimaji wa viungo naye haiiti kila tovuti ndogo takataka. Tovuti ya mvuvi wa Kizingitini yenye wasomaji hamsini inaweza kuwa kiungo bora kwa vijana wa Chundwa kuliko jarida la safari la nchi ya mbali, kwa sababu anayeandika anaijua bahari ile na hakuna aliyemlipa. Anachokataa mpimaji ni mmoja kuuzwa kwa bei ya arobaini.

Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa hili upya. Mwanafunzi aliyekaa kwenye darsa za Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, anajua kwamba hadithi ya Mtume haikubaliwi kwa wingi wa wanaoirudia. Inaulizwa nani alipokea kwa nani, kama walionana, kama kila mpokezi alikuwa mwadilifu na mwenye hifadhi nzuri. Wahandisi wa mitambo ya kutafuta walifika mahali pa karibu na hapo kwa njia yao: mwaka 2004 Zoltán Gyöngyi, Hector Garcia-Molina na Jan Pedersen walipendekeza kuanza na kurasa chache zilizokaguliwa na binadamu, kisha kuufuata uaminifu unavyotiririka kutoka hapo na kupungua kila hatua. Ukurasa ulio karibu na chanzo kilichokaguliwa una haki kubwa ya kuaminiwa kuliko ulio mbali.

Hasara ya kutopima inajulikana. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J. C. Penney, lilikuwa limepanda juu ya matokeo ya Google kwa maelfu ya viungo vilivyotegwa kwenye tovuti zisizohusiana na nguo wala mashuka. Google ilipochukua hatua, kwa utafutaji wa masanduku ya safari ya Samsonite duka lilianguka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 kwa muda wa saa mbili hivi. Tarehe 24 Aprili 2012 likaja badiliko lililoitwa Penguin, na tovuti nyingi ndogo zilizonunua viungo kwa kuamini muuzaji zilizama bila gazeti lolote kuziandika. Januari mwaka huo huo Google ilikuwa imeushusha ukurasa wa kivinjari chake yenyewe, Chrome, kwa siku 60, baada ya kuonekana makala yaliyolipiwa yenye kiungo cha kuuelekea. Kanuni yao iko wazi: kununua kiungo ili kupanda kwenye matokeo ni ulaghai, na kilicholipiwa kinatakiwa kibandikwe alama inayosema hivyo.

Kwa hiyo mpimaji mwadilifu humuuliza mteja wake swali linalozimaliza biashara nyingi: kiungo hiki kikiwekewa alama ya sponsored, kama inavyotakiwa, bado utakilipia? Kama jibu ni ndiyo, kwa sababu wasomaji wa pale ni watu wanaopanga safari na watabofya, hilo ni tangazo halali na bei yake ijadiliwe kama tangazo. Kama ni hapana, mteja alikuwa ananunua sura ya kusifiwa. Wapimaji wazuri hutumia sehemu kubwa ya siku kuwaambia watu wasinunue, na hulipwa kwa ushauri huo. Nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa ujuzi wao wa programu.

Vijana wa Chundwa wana kitu ambacho hakuna muuzaji anacho: wanapajua kwao, na kitu kisichopatikana kwingine huvuta viungo chenyewe. Mradi wa Endangered Archives wa British Library ulipiga picha za hati za Msikiti wa Riyadha, na tangu hapo watafiti wanauelekea ukurasa wake bila kulipwa, kwa kuwa kilichomo hakipatikani kwingine. Ukurasa unaoeleza kwa usahihi boti inaondoka Lamu kwa maji ya aina gani, njia ya kwenda Shanga ikoje wakati wa mvua, nani ana ufunguo wa nyumba ya wageni, katika mashamba ya Chundwa hulimwa nini, ungekuwa ushahidi wa kwanza juu ya mahali ambapo hadi leo panasemewa na mashine. Andikeni huo kwanza. Makumbusho ya Lamu, watafiti wanaokuja kila mwaka na wageni waliolala kwenu watautaja wenyewe.

Na muuzaji akiwaandikia kesho, mwombeni anwani kamili ya ukurasa ambamo kiungo chenu kitakaa. Usomeni mpaka mwisho kabla ya kutaja bei. Akikataa kuutaja, msimlipe.